Mji Mkongwe au Fumba: wapi pa kupanga ukiwa na watoto wadogo

Familia changa ikija Unguja kwa mkataba wa mwaka au miwili, tuseme kutoka Nairobi, mara nyingi hujikuta kati ya hapa pawili: Mji Mkongwe, sehemu ya kale ya mji wa Zanzibar, na Fumba, nje ya mji.

Mji Mkongwe mnaingia moja kwa moja katika maisha ya watu. Soko la Darajani mnakwenda kwa miguu, hospitali ya Mnazi Mmoja iko jirani, na jioni watoto wanapelekwa Forodhani kupunga upepo. Mama akikaa barazani na mtoto, haipiti muda jirani ataita, "Karibu, mwanangu." Tangu hapo ana wa kumuuliza skuli ipi nzuri na samaki leo bei gani. Kwa aliyewaacha mama na shangazi kwao, hilo ni jambo kubwa mno.

Ila kagueni nyumba kabla ya kulipa kodi. Ngazi za mbao zimesimama wima, na kuta za mawe na chokaa hushika unyevu wakati wa masika. Mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, basi msitarajie mwenye nyumba abadilishe dirisha kirahisi.

Fumba kuna nyumba mpya, nafasi ya kuchezea na mahali pa kuegesha gari. Lakini mjini ni mbali, na majirani wengi nao ni wageni.

Mwenye mtoto anayetambaa na kupanda kila kitu, namshauri Fumba. Wengine wote, Mji Mkongwe, hata ikiwa vyumba viwili tu vya chini.