Kidude cha OBD na skrini ya kuongeza kwenye Nissan Leaf: kabla ya kuuliza bei uliza kama kinalala

Wiki hizi napokea malalamiko ya aina moja tu. Mtu amenunua Leaf, lile gari la umeme la Nissan, akasikia kwamba ukichomeka kidude cha OBD (kinachosoma kompyuta za gari) na kufungua LeafSpy, programu ya kusoma betri ya Leaf, kwa simu unaona kila kitu ambacho dashibodi inakuficha, akakimbia dukani akachukua cha bei ya chini kabisa, akafurahia namba zake, halafu siku moja gari haiwaki. Dada mmoja wa Syokimau alinitumia ujumbe wa sauti akiwa karibu kulia. Alikuwa ameenda ushago Desemba, gari akaiacha kwa parking ikiwa na chaji zaidi ya nusu, anarudi anabonyeza pawa, dashibodi inapepesa kidogo, huko mbele kunasikika tik tik tik, ile READY ya kijani haiji. Fundi aliyeitwa akamwambia betri kubwa, ile inayoendesha gari, imekufa na akaanza kumtajia bei za kubadilisha pakiti nzima! Betri kubwa ilikuwa mzima kabisa. Iliyokufa ni ile ndogo ya volti 12, wakaijampa, gari ikawaka hapo hapo.

Hii kitu hakuna muuzaji atakuambia, ndio maana mwongozo huu naanza nayo na nitairudia mpaka uichoke. Kwenye gari la umeme betri kubwa haijaungwa moja kwa moja na gari, katikati kuna rilei nzito (swichi zinazojifunga kwa umeme), na rilei hizo zinafungwa kwa umeme wa betri ndogo. Betri ndogo ikiisha hata kama kubwa imejaa huendi popote. Sasa ile soketi ya OBD iliyo chini ya usukani ina umeme saa zote, pini namba 16 imetoka moja kwa moja kwa betri ya volti 12, funguo iwe ndani iwe nyumbani. Kidude unachokiacha pale kinakula usiku kucha. Piga hesabu mwenyewe: kidude kinachokula miliampia 40 bila kulala kinamaliza karibu ampia-saa 1 kila siku, na betri ndogo ya Leaf ikiwa mpya ina ampia-saa arobaini na kitu hivi, sasa hiyo ya kwako imekuja na gari kutoka Japani, haijawahi kubadilishwa, haishiki hata nusu. Wiki 3 za likizo zinatosha kabisa kuimaliza.

Kwa hivyo swali la kwanza dukani sio bei wala sio rangi ya skrini. Ni hili: gari ikizimwa, hiki kidude kinalala, yaani kinapunguza kula umeme? Muuzaji akikuangalia kama hajaelewa swali, umeshapata jibu lako.

Kama hujui kwa nini watu wanahangaika na namba hizi, kwa ufupi tu. Dashibodi ya Leaf inakadiria kilomita zilizobaki kwa kuangalia ulivyoendesha muda mfupi uliopita, ukishuka kutoka Limuru kuja Nairobi inakuahidi mbingu, ukigeuza kupanda kurudi kilomita zinayeyuka ukiziangalia. Mistari 12 ya afya ya betri pembeni nayo haisemi mengi, kwa sababu mstari wa kwanza hauondoki mpaka betri iwe imepoteza kama asilimia 15, maana yake gari mbili zenye mistari 12 zinaweza kuwa na betri tofauti kabisa. LeafSpy inakupa afya kwa asilimia yenye desimali, inakupa Gid, kipimo cha umeme uliobaki kwa betri (kila Gid ni kama wati-saa 80, na Leaf ya kilowati-saa 24 ikiwa mpya inasoma karibu 281), inakuonyesha volti za kila kundi la seli kati ya yale 96, joto la betri, na hata gari imechajiwa mara ngapi kwa chaja ya kasi ya CHAdeMO. Betri ya hizi Leaf za mtumba haina maji ya kuipoza, kwa hivyo kwa mtu wa Mombasa hiyo namba ya joto peke yake inastahili kidude. Na inakuonyesha volti za betri ndogo pia, hiyo ndiyo namba mimi naangalia kwanza kila asubuhi.

Haya, vidude vyenyewe.

Namba moja ni OBDLink MX+, na sitajifanya kuwa katikati, hii ndiyo ninayoipenda na ndiyo ningekununulia kama ungekuwa ndugu yangu. Inatengenezwa na OBD Solutions ya Phoenix, Arizona, na wanatumia chipu yao wenyewe, hawajanakili ya mtu. Ukizima gari inalala yenyewe, inabaki inakula miliampia chache tu, ukiwasha inaamka, wewe huinami kuchomoa kitu. Inashika na Android, inashika na iPhone, haikatikati, LeafSpy ikiomba data ya seli zote 96 inazileta zote bila kuacha mashimo kwenye grafu. Kitu kingine ambacho watu hawakitaji, ina kitufe cha kuunganisha, simu mpya haiingii mpaka mtu aliye ndani ya gari akibonyeze. Vile vya bei ya chini PIN yake ni 1234 au 0000, mtu aliyeegesha kando yako anaweza kuingia kwenye mtandao wa gari yako akiwa ameketi tu, na hiyo ni gari inayoendeshwa na kompyuta, sio jambo la kuchukulia poa. Ni fupi pia, goti halikigongi ukipanda.

Bei sasa ndiyo inaumiza. Kwao Marekani inacheza kwenye dola 140, ukiileta hapa unaongeza usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16 juu ya hiyo yote, mpaka unajiuliza kama unanunua kidude ama tairi. Inanikera sana hii. Tunaambiwa kila siku tununue magari ya umeme, tuache petroli, halafu kifaa kidogo cha kumsaidia mwenye gari kuielewa betri yake kinatozwa kama mapambo. Na maduka mengi ya mjini hayakileti kabisa kwa sababu ni rahisi zaidi kwao kujaza kabati na vile vya bluu vinavyopasuka plastiki ukivichomoa mara mbili.

Namba mbili ni ndugu yake, OBDLink LX. Bei yake iko chini, inalala vile vile, ubora ni ule ule, shida yake ni moja: iPhone haiitaki. Kama nyumba nzima mnatumia Android nunua hii uweke hela iliyobaki kwa betri ndogo mpya, hutajuta.

Namba tatu ni Vgate iCar Pro, ile ya blututhi 4.0. Hii ndiyo nawaambia watu ambao bajeti imekataa kabisa, maana chini ya dola 40 unaipata, inalala gari ikizimwa, na inafanya kazi na simu zote mbili. Angalia usichukue ile yao ya waifai. Ya waifai simu inajiunga na kidude na kuacha intaneti, ramani inakufa katikati ya Mai Mahiu na wewe unatafuta chaja.

Namba nne ni OVMS, na hii ni ya mtu mwenye magari kadhaa au anayesafiri sana. Ni moduli yenye laini yake ya simu, unaona chaji ya gari ukiwa Kisumu na gari iko Nairobi, na betri ndogo ikianza kushuka inakutumia onyo. Hilo onyo ndilo nalipenda. Ila yenyewe haisinzii kama OBDLink, iko macho muda mwingi na inakula zaidi, kwa hivyo usiifunge kwenye gari yenye betri ndogo iliyochoka halafu uiache uwanja wa ndege mwezi mzima.

Vile vidogo vya bluu vya ELM327: usinunue. Ukiwa nacho tayari na huna namna, tafuta kebo fupi ya OBD yenye swichi, unakizima bila kuinama. Basi.

Ila lazima niseme neno juu ya wanaoviuza. Chipu ya ELM327 ilitengenezwa na Elm Electronics ya Kanada mwaka 2005, na toleo la kwanza halikuwa na kinga ya kunakiliwa, likanakiliwa dunia nzima. Sasa nenda mjini uone, muuzaji anakutolea kiboksi kimeandikwa v1.5 na kukuapia kwamba hiyo ndiyo original, v2.1 ndiyo feki. Elm Electronics hawajawahi kutoa v1.5! Walitoka 1.4 wakaingia 2.0. Kweli nakala za v1.5 huwa zinakubaliana na LeafSpy kuliko nakala za v2.1, hilo ni sahihi, lakini zote ni nakala, na mtu anayekuuzia nakala kwa mara tatu ya bei huku akiapa kwa mama yake ni mwizi. Nimemuuliza muuzaji mmoja kama kidude chake kinalala akanijibu, "Madam, hii ni ya gari, si ya mtoto." Nikatoka.

Jinsi ya kupima cha kwako leo usiku: funga gari, ondoka, baada ya kama nusu saa rudi na chungulia chini ya usukani. Ukiona kile kitaa chekundu bado kinawaka gizani, hakilali, kitoe. Ukiwa na mita pima betri ndogo jioni na asubuhi kabla hujafungua mlango, ikiwa nzima inakaa volti 12.5 kwenda juu, ukiikuta iko 12.0 hiyo iko njiani kufa.

Upande wa skrini sina mengi. Simu ya zamani ya Android kwenye kishikio cha matundu ya AC inatosha watu wengi, na iko afadhali kuliko kuibandika juu ya dashibodi, jua la saa nane linaivimbisha betri. Ukitaka kitu kinachokaa kama kilizaliwa na gari, weka redio ya Android badala ya ile ya Kijapani ambayo hata hivyo huisomi, halafu LeafSpy unaiweka ndani yake. Kabla fundi hajang'oa kitu jua kwamba baadhi ya menyu za umeme zilizo kwenye redio ya asili zinaondoka nayo, na mwambie waya ya pawa ya redio mpya aifunge kwa ile inayokufa gari ikizimwa. Mafundi wengi wanaifunga kwa umeme wa saa zote ili redio iwake haraka, na hapo tumerudi kwa betri ndogo tena.

HUD zile za kuakisi namba kwenye kioo, za OBD, kwa Leaf ni hasara tupu. Zimetengenezwa kuuliza gari maswali ya injini, mizunguko, joto la maji, mafuta. Mfumo wa OBD2 uliletwa kwa ajili ya moshi wa magari ya petroli na dizeli, Leaf haina moshi na haijibu maswali hayo, unabaki na kioo kinachokuonyesha volti na sifuri.

Na kama bado hujanunua gari, nunua kidude kwanza. Beba nacho mpaka showroom, chomeka mbele ya muuzaji. Kuna magari yanaletwa yakiwa yamefutwa kumbukumbu ya betri, mistari 12 yote inang'aa, na hata LeafSpy siku hiyo itakuonyesha afya nzuri kwa sababu inasoma kompyuta ile ile iliyodanganywa, namba inaanza kushuka baada ya wiki kadhaa za kuendesha. Kwa hivyo usiishie kwenye asilimia ya afya. Linganisha na kilomita za gari na idadi ya chaji za kasi, kisha omba uendeshe mpaka chaji ishuke chini ya robo huku unaangalia zile seli 96, kundi moja likianza kuzama peke yake wakati wenzake wametulia, hiyo betri ni mgonjwa. Na wauzaji wanaokataa kabisa usichomeke kitu, ati utaharibu kompyuta ya gari, wapo wengi na wanajua wanachoficha.