Dalali wa nyumba Tabora na nyumba ya vyumba sita Ipuli: inalipa au hailipi?

Jina lake silitaji na hata ofisi yake sielekezi, we jua tu ni meza, viti viwili vya plastiki na bango la VIWANJA NYUMBA MASHAMBA chini ya mwembe, na kwa hapa Tabora hapo sijakupunguzia kitu maana nusu ya mji ofisi zao ziko chini ya miembe. Nilimfuata kwa sababu nilikuwa na hela kidogo nataka kununua nyumba ya kupangisha, sio ya kuishi, ya wapangaji tu kodi iwe inaingia, na kila mtu ananiambia nyumba ndo mali haiozi. Haya ndo niliyoyaona kwenye huduma yake na kwenye mali yenyewe.

Kwanza hela ya kuzungusha, elfu kumi kabla hujaona hata ukuta. Anasema ni ya bodaboda, sawa, ila bodaboda tulipanda ya kwangu na mafuta niliweka mimi. Hiyo nimemsamehe. Kizuri chake ni kwamba mji anaujua kweli, anajua Kiloleni wapi maji yanasimama masika, anajua Malolo kiwanja kipi kimepimwa na kipi cha karatasi ya mwenyekiti wa mtaa tu, na hajawahi kunipeleka kwenye nyumba ambayo mwenyewe hajui kama inauzwa, jambo ambalo kwa madalali sio dogo.

Nyumba aliyoipigia debe kuliko zote iko Ipuli. Vyumba sita, vitatu vitatu vinatazamana, uwani choo na bafu, mwembe mkubwa mbele. Bei milioni 45. Hesabu yake ilikuwa hivi: "Dada, vyumba sita mara elfu arobaini, laki mbili na arobaini kila mwezi unakula umelala." Ukiisikia haraka haraka inapendeza.

Sasa mi nikaomba daftari la kodi. Akaanza mara daftari liko kwa mwenye nyumba, mara mwenye nyumba yuko Nzega. Wakati anapiga simu nikasogea kwa mama mmoja alikuwa anakaanga vitumbua mlangoni kwake, nikamwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamuuliza hapa mnalipaje. Akacheka, akageuza kitumbua, akasema yeye elfu thelathini, wenzie nao thelathini, yule mwalimu wa chumba cha mbele ndo thelathini na tano kwa sababu ana sebule, na kile cha mwisho kina mwaka hakina mtu kwa sababu ya mvua. Nikaenda kukichungulia. Siling bodi imeshuka katikati ina doa la kahawia, ukitazama juu kupitia tundu unaona bati limeoza kabisa, majani ya mwembe yanajaa pale yanakaa na unyevu mwaka mzima. Huo mwembe dalali alikuwa anauuza kama kivuli!

Kwa hiyo hesabu ya mama vitumbua: wanne mara 30,000 ni laki na ishirini, jumlisha 35,000 unapata 155,000 kwa mwezi. Kwa mwaka 1,860,000. Gawanya kwa milioni 45 hata asilimia 5 haifiki, ni 4 na kidogo, na hapo hujanyonya choo, hujabadilisha bati, hujamlipa dalali. Dalali mwenyewe alikuwa anataka asilimia 5 ya bei kutoka kwangu, yaani 2,250,000, hela inayozidi kodi ya mwaka mzima ya nyumba anayoniuzia. Nilipomwonyesha hiyo kwenye kikokotoo cha simu alinyamaza afu akasema "dada we unahesabu sana".

Lazima nihesabu kwa sababu siku hizi hela ina pengine pa kwenda. Hatifungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, ile ya miaka 25 ilitoka 2021 na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, 2022 ikashushwa mpaka 12.56. Nachukua hiyo ya chini makusudi ili nisionekane naonea nyumba. Milioni 45 kwa 12.56 ni 5,652,000 kwa mwaka, wanakulipa mara mbili kwa mwaka, mchwa haili, na hakuna mtu wa kukupigia saa nne usiku kwamba nani kachomeka pasi na hita umeme wa wote umeisha. Maana mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, pale ni moja kwa vyumba vyote, na kodi ya jengo inakatwa humo humo, 1,500 kila mwezi, kisheria ni ya mwenye nyumba lakini anayeona hela yake imepungua ni aliyenunua umeme siku hiyo, kwa hiyo ugomvi haukosi. Ukinunua nyumba ya hivyo ujue na kesi za mita umenunua.

Nakubali hatifungani haipandi bei kama kiwanja na riba yake mfumuko wa bei unaitafuna taratibu, huku kodi ya nyumba unaweza kuipandisha. Hiyo hoja ina uzito. Ila dalali haisemi hiyo, dalali anasema SGR, ile reli mpya ya kisasa. Kila nyumba aliyonipeleka ilikuwa "SGR ikianza hapa bei mara mbili". Mkataba wa Makutupora mpaka Tabora ulisainiwa Desemba 2021, wa Tabora Isaka 2022, na wa Tabora Kigoma Desemba 2022, kwa hiyo wenye nyumba SGR wameshaiweka kwenye bei siku nyingi, ukinunua leo unalipia treni ambayo hujaipanda. Na Tabora sio kwamba leo ndo inaonja reli, ya Mjerumani ilifika hapa 1912, tawi la Mwanza likakamilika 1928, tumekuwa njia panda ya reli karibu miaka mia na bado vyumba tunapanga elfu thelathini. Kinachopandisha kodi ni mishahara ya wanaopanga, na wanaopanga hapa ni walimu, manesi wa hospitali ya Kitete, wanafunzi wa vyuo vya Uhazili na AMUCTA, na wanafunzi chuo kikifungwa wanaondoka na begi lao na kodi yako.

Fremu ya duka alinionyesha pia karibu na sokoni, sina mengi ya kusema, bei ilikuwa ya kutisha, na ukishapangisha biashara kuna kodi ya zuio, asilimia 10 ya kodi ya pango ambayo mpangaji anaikata anaipeleka TRA, wengi hapa wanajifanya hawaijui mpaka waje kuulizwa.

Nyingine ya Isevya nzuri sana, tofali za kuchoma, bati zima, vyumba vinne masta, lakini ni ya mirathi. Nikauliza msimamizi wa mirathi nani, akasema ni kaka mkubwa, barua ya mahakama iko wapi, "inashughulikiwa". Basi hapo sikuomba hata maji ya kunywa. Kwa hilo dalali nampunguzia sana, sio kitu cha kumpeleka mteja kabla karatasi hazijakaa sawa, na sachi ya ardhi, yaani kuhakiki ofisi ya ardhi mali ni ya nani, niliambiwa "sio lazima".

Kilichonivutia ni kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa anakipita bila kusimama: maboma. Tabora imejaa maboma, nyumba ambazo hazijaezekwa, yaliyofika lenta yakakwama, mtu kahamishwa kikazi au tumbaku haikulipa mwaka ule, na anayeuza boma ana shida ya hela, sio kama mwenye nyumba iliyokamilika ambaye anauza na jasho lake la miaka kumi na tano humo humo. Ukipata boma la kiwanja kilichopimwa, unaezeka vyumba viwili unapangisha, kila chumba unakipa mita yake, kodi ya hivyo inakusukuma kuezeka vingine. Hapo kupangisha bado kunalipa. Nyumba iliyokwisha kwa bei wanazotaja sasa, hailipi.

Huduma ya dalali nampa tatu kwa tano: mji anaujua, simu anapokea, kodi anazitaja za kichwani. Ile ya Ipuli niliweka milioni 28 mwisho, maana ukibadilisha bati na kujaza vyumba vyote kwa 35,000 inafika asilimia 9 kwa mwaka, afadhali. Mwenye nyumba kasema 28 ni matusi. Dalali namba yangu anayo, mwenye nyumba akishusha bei atanipigia, ila ile 2,250,000 yake nayo itabidi ishuke.