Mkoba wa Hermès na mkoba wa Coach: Ufaransa au Vietnam?

Hermès hushona mikoba yake ya ngozi Ufaransa. Kwa kawaida fundi mmoja huuanza mkoba na kuumaliza mwenyewe. Utazame mshono wake kwa karibu: sindano mbili, uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta, sindano zikipishana katika tundu lile lile. Uzi ukikatika mahali pamoja, mishono ya jirani bado inashika. Cherehani haikupi mshono wa namna hiyo.

Coach ilianza mwaka 1941 katika karakana ndogo huko Manhattan, New York. Leo mikoba yake mingi hutoka Vietnam, Kambodia na Ufilipino, na lebo ya ndani inakutajia nchi. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na Birkin, mkoba maarufu wa Hermès, unaouzwa kwa maelfu ya dola.

Mimi ningechukua Coach. Kudhani mkono wa fundi wa Vietnam ni hafifu kuliko wa Mfaransa ni dharau tupu. Wanachotofautiana ni muda wanaopewa na ujira wanaolipwa, na hilo la ujira ndilo linaloniuma, maana hakuna lebo inayoliandika.