Elfu Tatu kwa Mwezi Nipigwe Ngeta: Uzoefu Wangu wa Jiu-Jitsu Hapa Nakuru

Nina miaka 39, nauza spea za magari, na tumbo langu huingia dukani kabla yangu. Sijawahi kuwa mwanamichezo. Kilichonipeleka kwenye jiu-jitsu ya Brazil, mchezo wa kukabana chini kwenye mati, ni ngeta.

Mkenya hahitaji kufafanuliwa ngeta, lakini kwa ndugu zetu wa Tanga na Unguja: ni kabali ya nyuma. Mwizi anakujia mgongoni, anakuzungushia mkono shingoni, dunia inazima, mwenzake anakukung'uta mifuko. Mimi ilinipata saa mbili usiku nikitoka steji kuelekea nyumbani. Niliporudiwa na fahamu nilikuwa nimekaa mtaroni, simu hakuna, shilingi elfu nne za mauzo hakuna, na kiatu kimoja kiko upande wa pili wa barabara. Simu nilinunua nyingine. Ila kuna kitu kilikataa kunitoka: ule mkono ulikuwa mwembamba. Mimi mwenye kilo 94 nimelazwa na kijana mwenye mkono kama wa mpwa wangu wa kidato cha pili!

Nakuru ni mji wa ndondi. Wazee wa hapa wakianza kukumbuka hawamalizi kabla ya kumtaja Philip Waruinge, aliyeleta medali za Olimpiki: shaba kutoka Mexico mwaka 1968 na fedha kutoka Munich mwaka 1972. Kwa hiyo kila niliyemweleza shida yangu alinielekeza kwenye ukumbi ule wa ndondi tunaouita Madison Square Garden. Nilienda siku moja nikatazama. Nikaona vichwa vinavyopokea makonde, nikakumbuka kwamba kichwa changu ndicho daftari la bei zangu zote za beringi, nikarudi nyumbani. Wiki chache baadaye fundi mmoja, mteja wangu, akaniambia kuna watu wanafunzwa kukabana ghorofani, tena polepole. Hilo "polepole" ndilo lililoninasa.

Jina la ukumbi silitaji, maana hapa chini nina malalamiko yangu na kochi ni mtu tunayesalimiana. Ukiulizia mjini utaelekezwa. Hatuko wengi.

Siku ya kwanza kochi aliniangalia kucha kabla hajaniangalia uso. Alikuwa na kikata kucha mfukoni, akanipa, akanielekeza dirishani. Halafu somo la kwanza, lile analompa kila mgeni: kugonga. Ukibanwa, mgonge mwenzako mara mbili mwilini, au gonga mati, au kama mikono yote imefungwa sema "tapu". Anayegongewa anaachia papo hapo, hata kama anadhani unamdanganya. Kisha ikaja kile wanachokiita shrimpi: unalala chali, unasukuma kwa mguu, unachomoa nyonga kwenda nyuma, unarudia hadi ukuta wa pili. Ni jina la mdudu wa baharini ambaye sidhani kuna mmoja wetu amewahi kumla. Nilifika nusu ya ukumbi nikaomba maji.

Mwisho wa kipindi alinipanga na binti mmoja wa chuo, kilo 55 hivi. "Usijali, mzee, tutaenda pole," akaniambia. Haikuisha dakika, alikuwa mgongoni kwangu, miguu yake imeninasa mapajani kama kulabu, mkono ukateleza chini ya kidevu. Niliitambua mara moja. Ni ile ile. Harufu tu ndiyo ilikuwa nyingine: usiku ule ilikuwa gundi na sigara, hapa sabuni ya mche ya Menengai. Nikagonga. Akaachia. Nikabaki nimekaa pale nacheka huku machozi yananilengalenga, binti wa watu akidhani ameniumiza.

Kochi akachutama akatueleza. Kabali hii ikiwekwa sawasawa haizibi pumzi. Inabana mishipa miwili mikubwa ya damu, ya kulia na ya kushoto ya shingo, ubongo unakosa damu na mtu anazima ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana mkono mwembamba unatosha, na pengine unafaa zaidi kwa sababu unapenya. Akanionyesha la kufanya: kidevu chini, mikono yako miwili iukamate mkono wake mmoja na kuuvuta, kisha mgongo wako utafute mati ili asibaki nyuma yako. Tukalirudia mara ishirini. Halafu akaongeza, "Lakini mtaani wakiwa wawili, wewe toa simu." Nilianza kumheshimu hapo.

Historia nayo anaifundisha akiwa amekushika. Anakupinda mkono kuelekea nyuma ya mgongo kwa mikono yake miwili, bega linaanza kulalamika, ndipo anaposimulia: hii ni kimura, jina la Masahiko Kimura, Mjapani wa judo aliyemshinda Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jiu-jitsu hii ya Brazil, kule Rio mwaka 1951. Hélio alikataa kugonga hadi watu wa upande wake wakarusha taulo. Kufikia hapo wewe ulishagonga zamani. Mkono ameuachia, hadithi hajaiachia. Anarudi hadi kwa Mitsuyo Maeda, mtu wa Kodokan, shule ya judo ya Tokyo, aliyefika Brazil mwaka 1914 na baadaye kumfunza Carlos Gracie, kaka yake Hélio. Kwa hiyo huu ni ukoo wa judo uliohamia ng'ambo na kupenda kukaa chini. Mtama tunapiga pia, lakini kazi yenyewe huanza watu wakishaanguka.

Sasa gi, ile nguo ya mazoezi. Hapa nilitaka kuwa mjanja. Nilienda Top Market nikapata kwenye mitumba gi ya karate, nyeupe safi, shilingi 350. Sikujua kwamba kitambaa cha karate ni chepesi kwa sababu hakuna anayekuning'inia. Kwenye jiu-jitsu nguo ndiyo mpini: watu wanakukamata ukosi, mkono, suruali, na kuning'inia hapo kwa uzito wao wote. Siku ya pili iliraruka kutoka kwapani hadi kiunoni kwa sauti iliyonyamazisha ukumbi mzima. Nikaipeleka kwa mama anayenishonea. Akaigeuzageuza, akauliza, "Baba Shiku, mlikuwa mnagombania ng'ombe?" Alitia kiraka cha turubai, ikadumu wiki tatu, ikapasukia pembeni ya kiraka. Mwishowe niliagiza ya kweli kutoka Nairobi, ikaja kwa matatu kama kifurushi, shilingi 9,500. Koti lake limefumwa nene, ukilifua linakuwa zito kama blanketi la bweni, na kulikamua tu ni zoezi la vidole. Mvua za Aprili zikianza, na baridi hii yetu, linachukua siku mbili kukauka. Ukilivaa bichi, wenzako watakunusa kabla hujapanda ngazi. Alhamisi tunafanya bila gi, fulana ya kubana na kaptula isiyo na mifuko, kwa hiyo anayeanza asikimbilie kununua. Jaribu mwezi mmoja wa Alhamisi kwanza.

Nyumbani nako kulikuwa na kesi. Wiki ya tatu mke wangu aliniona nikinyoa ndevu, akasogeza taa. "Baba Shiku, hii shingo imefanywa nini?" Alama nyekundu mbili, na mikononi madoa ya vidole. Nikamweleza. Akaniambia maelezo ni mazuri, atakuja ayaone. Jumamosi iliyofuata alikaa kwenye benchi saa nzima na mkoba wake mapajani, akamwona yule binti akinikalia kifuani, akarudi nyumbani kimya. Siku mbili baadaye akaniuliza darasa la watoto ni pesa ngapi. Shiku sasa ana miaka tisa na ananipita kwa shrimpi.

Malalamiko. La kwanza, ukumbi si wetu. Tunapanga pamoja na kanisa moja, wao wana Jumapili na sisi siku nyingine, kwa hiyo kila Jumamosi mati zote zinabanduliwa, zinapangwa kwenye kona na kufunikwa turubai. Hilo sina shida nalo. Shida ni kesha. Mara tatu mwaka huu nimepanda ngazi na begi langu nikakuta viti vimepangwa na kinanda kinajaribiwa, wala hakuna ujumbe hata mmoja kwenye simu. Kochi anaomba radhi vizuri sana. Ningependa zaidi aombe radhi saa kumi, kabla sijafunga duka mapema.

La pili ni ngozi. Mwezi wa tano nilitokwa na choa mkononi, yale maduara ambayo watoto huyaita mashilingi. Duka moja la dawa lilinipa krimu ya kutuliza mwasho, ikatuliza kweli, na mashilingi yakawa matatu. Daktari wa ngozi alipoisoma ile tyubu alitikisa kichwa: ndani kulikuwa na steroidi, na fangasi hustawi nayo. Akaniandikia clotrimazole, nipake na kuendelea hata baada ya alama kupotea, na nisikanyage mati hadi nipone. Nilipomwambia kochi hakubisha. Tangu siku hiyo mati zinapigwa deki kwa maji ya jiki kila jioni, na kikata kucha kimeongezewa mwenzake, kipande cha sabuni pale mlangoni. Ila ilibidi niugue kwanza.

La tatu ndilo lililoniuma, mfukoni na mbavuni. Alikuja mgeni wa kilo mia na ushei, mtu wa kunyanyua vyuma, siku yake ya pili. Mtu wa namna hiyo hapangwi na yeyote kabla ya kujua kupumua. Akapangwa nami, na kochi akaenda dirishani kuongea na mwenye nyumba kwa simu. Jamaa akaniangukia na kifua chote. Nilisikia kitu kikilia tik. Hospitali walisema mfupa hauna ufa, ni gegedu la ubavu. Wiki sita nisiguse mati, na kila nikihisi chafya inakuja nilikuwa naomba toba. Nilikuwa nimelipa mwezi mzima siku mbili tu kabla. Kochi alisema ada haihamishwi. Tulivutana, akakubali kunihamishia nusu. Nilirudi, lakini ile nusu nyingine bado naikumbuka.

Kuna jambo ambalo hutalijua ukitembelea siku moja. Sisi ni watu saba wa kudumu. Saba! Baada ya miezi 14 najua kwamba binti wa chuo atatafuta mgongo, mwalimu wa kemia ataanza na ukosi wa kushoto, na yule kaka wa bodaboda atangoja nichoke. Nikaanza kujiona fundi. Nilikuwa na namna yangu ya kumpindua mtu nikiwa chini, na ilikubali karibu kila siku. Kisha mwezi wa nane akapita mgeni kutoka Nairobi, mkanda wa buluu, ngazi moja juu ya mweupe, mwembamba, mpole. Tuliwekewa dakika tano, muda wa pambano la mkanda mweupe kwenye mashindano. Nilijaribu upinduzi wangu, akautazama kama mtu anayesoma bango la barabarani, akapita. Binti wa chuo alikuwa pembeni anahesabu pointi kwa sauti: tatu kwa kupita miguu yangu, nne kwa kunikalia kifuani, nne tena kwa kuchukua mgongo. Kumi na moja kwa sifuri, halafu ngeta. Upinduzi wangu, kumbe, ulikuwa unafanya kazi kwa watu saba duniani.

Na mkanda usiutegemee hapa. Kochi wetu ana wa zambarau, ambao uko katikati: mweupe, buluu, zambarau, kahawia, mweusi. Kwa desturi ya mchezo huu anayepandisha watu ni mwenye mweusi, kwa hiyo sisi tunangoja mgeni aje au tusafiri tumfuate. Mwalimu wa kemia ana mkanda mweupe wenye vipande vinne vya plasta vya kuonyesha maendeleo, ndio mwisho wake, na vimekaa hadi vinabanduka. Mwenye haraka ya rangi aende Nairobi.

Mimi naendelea kulipa. Elfu tatu kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, mtoto elfu moja na mia tano. Nilipokosa vipindi viwili kwa sababu ya mizigo ya dukani, simu tatu ziliingia jioni hiyo hiyo, moja ya yule wa bodaboda akiuliza kama mbavu zimerudi kunisumbua. Tumbo bado lipo, limepungua kidogo. Usiku bado nageuka nikisikia hatua nyuma yangu, hilo halijaniisha.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja iko kwa kochi, pamoja na shilingi zangu 1,500.

Ukija, beba maji yako kwa sababu mfereji wa ghorofani hutoka ukipenda. Mlinzi hufunga mlango wa chini saa moja na nusu kamili. Ukichelewa usipige kelele. Zunguka nyuma urushe kijiwe kwenye dirisha la tatu, kijiwe kidogo, kioo cha la pili tulishalipa.