Mirathi mahakama ya mwanzo: nafuu kweli, ila usiishie Fomu namba 4

Nimesimamia mirathi ya kaka yangu kwenye mahakama ya mwanzo hapa Morogoro, na kwa familia yenye mali za kawaida ningesema nendeni. Marehemu alikuwa fundi pikipiki. Kaacha kibanda cha kazi na spea zake, pikipiki moja, akiba kidogo benki na nyumba ya vyumba viwili Kihonda ambayo haijapigwa hata lipu. Wakili hatukuweka. Shauri linaendeshwa kwa Kiswahili, na ombi ni Fomu namba 1 tu: unajaza warithi, unajaza mali, unapewa namba ya malipo, unalipa ada kwa simu.

Nendeni na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo (kibali cha mazishi hakitoshi) pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao chetu kilitutoa jasho kuliko mahakama. Baba mdogo alitaka kusimamia yeye, eti mwanamke hawezi kukimbizana na mali za watu, mpaka mama alipokata maneno kwa kunitaja mimi. Hakimu naye hakugonga muhuri kwa kuamini karatasi. Alimsimamisha wifi, akamuuliza kama anaridhia, akamgeukia mama kwa swali lile lile, kisha baba mdogo. Kimya kidogo, halafu: "Sina pingamizi, mheshimiwa." Tangazo lilishabandikwa ubaoni kwa wenye madai, akajitokeza muuza spea mmoja na daftari lake. Deni halali, tukalilipa kabla ya kugawa.

Ninapowapunguzia alama ni dirishani kwa karani. Ukishakabidhiwa Fomu namba 4 ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi unaagwa kama mtu aliyemaliza. Kumbe kanuni zinakutaka ndani ya miezi minne urudishe Fomu namba 5, orodha ya mali na madeni, na baadaye namba 6, hesabu ya mgao. Mimi niliambiwa na mama mmoja tuliyekaa naye benchi, amekuja kumshtaki shemeji yake: kateuliwa zamani, anakusanya kodi ya nyumba za marehemu, hesabu hajawahi kuleta. Karatasi moja ya maelekezo pale dirishani ingeokoa wajane wengi.

Sisi ni Waislamu, kwa hiyo mgao ulikuwa thumuni (moja ya nane) kwa wifi, sudusi (moja ya sita) kwa mama, na kilichobaki kijana mafungu mawili, binti moja. Nyumba hatukuuza, wote wameridhia wifi akae na watoto. Benki walikataa fotokopi ya uteuzi, wakataka nakala yenye muhuri wa mahakama, basi ombeni kabisa nakala za ziada.

Fungueni shauri pale marehemu alipokuwa anaishi, hata kama kazikwa kijijini. Na mahakama ya mwanzo inashughulikia mirathi za kimila na za Kiislamu. Kama yenu haimo humo, ulizeni mahakama ya wilaya kabla hamjalipa ada.