Warekebisha picha za zamani, Mwanza: kazi safi, ila kaa hapo hapo uwasimamie

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wangeipata kama wasingempandisha Baba cheo.

Hili ni duka la picha katikati ya jiji, lile la aina ya passport size mbele na kompyuta mbili nyuma ya pazia. Baba alifariki mwaka huu, na kwa misa ya arobaini tulitaka picha moja kubwa ya kuweka mbele kanisani, kisha ibaki sebuleni kwa Mama. Tuliyoichagua ni ya 1979, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa studio Musoma aliporudi kutoka Vita vya Kagera. Baba amesimama na sare ya JWTZ, Mama ameketi, kaka yetu mkubwa kapakatwa na mdomo uko wazi. Imekaa miaka yote hiyo kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo. Mkunjo ulikuwa umepita shingoni kwa Baba, na kona ya chini ililiwa na maji ikaondoka na kiatu chake cha kushoto.

Kwenye kuondoa mikunjo na madoa hawana mpinzani. Maua ya kitenge cha Mama yamerudi, vifungo vya sare unavihesabu. Kiatu fundi alikichora upya kwa kutazama cha kulia, na akakumbuka mng'aro wa kiwi! Hapo alinigusa bila kujua. Baba ndiye aliyekuwa anatupigia kiwi viatu vya shule, kila Jumapili jioni, watoto wote, barazani, anavipanga kwa ukubwa. Kamba akiikuta imechakaa anaitoa na kuweka mpya, hakuna maneno.

Sasa njoo kwenye uso. Toleo la kwanza nililoonyeshwa lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Wamemng'arisha ngozi, wamefuta kovu la kwenye nyusi, wamemwekea medali tatu kifuani na nyota mabegani, na nyuma yake mawingu na njiwa wawili. Nikamwambia kijana: mdogo wangu, huyu alikuwa koplo. V mbili kwenye mkono, basi. Akanijibu kwa heshima tu, "Dada, wateja wengi wanapenda hivyo." Namwamini. Misiba nimeiona, njiwa hao wako kila bango.

Lakini Baba alivuka Mutukula Januari 1979 na akaenda kwa miguu mpaka Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili. Ukimuuliza vita, atakusimulia matope na malengelenge ya nyayo. Baada ya hapo aligoma kutembea: kituo kimoja cha daladala anapanda, nauli analipa, anasema sehemu yake ya kutembea alishaimaliza. Tulipompeleka Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, alivua kofia, akapita akisoma majina, akarudi kwenye gari akaomba maji. Mtu wa namna hiyo humbandiki medali za kuokota mtandaoni.

Na lile kovu si la vita. Alianguka na baiskeli akimpeleka Mama kliniki, mimba ikiwa ya huyo huyo kaka aliyepakatwa. Mama hakuumia, kwa sababu Baba aliiegemeza baiskeli upande wake mwenyewe. Kwa hiyo kovu lilirudi, nikiwa nimesimama nyuma ya kiti cha fundi.

Marekebisho hayo hawakunitoza hata senti, wala hakuna aliyenuna. Toleo la pili ndilo tulilochapisha. Mama aliitazama muda mrefu, kisha akasema kola haikupigwa pasi vizuri siku ile, na kwamba alimwambia.

Bei: kurekebisha 30,000, kuchapisha inchi 16 kwa 20 ni 25,000. Inategemea na uharibifu, kwa hiyo nenda na picha yenyewe, usiwatumie ya kupiga na simu, haitoki vizuri. Skani wafanye ukiwa hapo, uondoke na ya asili mkononi. Waambie mapema: rangi msitie, sura msiguse, cheo hiki hapa. Usiposema watapamba, ndivyo walivyozoea. Dai pia faili kwenye flashi, maana ndugu zetu wa Dodoma na Arusha nao walitaka nakala na ilituokolea gharama.

Fremu zao ni za plastiki, kioo chembamba, bei ya juu. Sikuchukua. Nilipeleka picha kwa seremala akanitengenezea ya mninga kwa bei karibu ile ile. Jumapili wanafunga.