Mihadhara ya wazi jijini Mwanza: elimu ya kina, muda wa maswali hautoshi

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikihudhuria mihadhara ya wazi inayotolewa hapa Mwanza kila Alhamisi jioni na Jumamosi asubuhi. Hakuna kiingilio wala usajili, na lugha ni Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana wachuuzi wa samaki, wanafunzi na wastaafu huketi safu moja.

Mhadhara ulionigusa kuliko yote ulihusu furu, jamii ya samaki wadogo wa ziwa letu. Mhadhiri alieleza kwamba Ziwa Victoria, ambalo wastani wa kina chake ni mita 40 tu, lilikuwa limekauka takriban miaka 15,000 iliyopita, na kwamba baada ya maji kurudi zilitokea aina zaidi ya 500 za furu, kila moja ikiwa na taya na meno yanayolingana na chakula chake: wapo wanaovunja konokono, wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, na wapo wanaopora mayai na makinda kutoka vinywani mwa majike wengine, kwa kuwa furu jike hulelea watoto wake kinywani. Kisha akafika kwa sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na kuongezeka kwa kasi miaka ya 1980, wakati furu walipopukutika katika Ghuba ya Mwanza. Hakumtwisha sangara lawama zote. Alionyesha pia jinsi maji yanavyochafuka hadi jike anashindwa kutambua rangi ya dume wa aina yake, na aina zilizokuwa mbalimbali zikachanganyika. Katika jiji ambalo minofu ya sangara imelisha familia nyingi, nilithamini sana uangalifu huo.

Mhadhara wa historia ulimhusu John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika ufukweni huku tarehe 3 Agosti 1858, na mzungumzaji alifanya vema kukumbusha kwamba habari za ziwa alizipata kwanza kwa wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh, yaani Tabora, na kwamba wenyeji walikuwa na jina lao, Nyanza, kabla hajalipa la malkia wake. Ule wa sanaa, kuhusu ngoma za Wasukuma zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, ulikuwa mwembamba. Picha zilikuwa nyingi, lakini hatukusikia hata ngoma moja ikipigwa.

Kasoro kubwa ni muda wa maswali, ambao ni dakika kumi tu. Siku ya furu, mama mmoja anayeanika samaki alinyoosha mkono mara tatu, na mwongozaji akafunga kikao bila kumpa nafasi. Kwa bahati njema mhadhiri alimfuata ngazini. Mama aliuliza kama furu wanaoonekana tena nyavuni ni wale wale wa zamani. Akajibiwa kwamba baadhi walirudi baada ya sangara kupungua kwa kuvuliwa, ila si wote waliorudi kama walivyokuwa: wapo ambao matamvua yao yamepanuka, wakaweza kuishi kwenye maji yenye oksijeni haba, na sasa wanakula mawindo makubwa kuliko waliyokula awali. Tulibaki watu sita kusikia jibu hilo, ilhali ukumbi mzima ulikuwa umekwisha kutoka kuwahi daladala za Buhongwa na Igoma.